Nilifuta Alama za Dawa za Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo shemeji yangu Owiti anakuja kumchukua mume wangu Calvince ampeleke nyumbani Kombewa akae huko moja kwa moja, na kosa ni langu ingawa hakuna anayejua. Calvince ni fundi wa nguo hapa Nyalenda na ana kifafa tangu ujana, dawa zinamsaidia lakini kumbukumbu ndiyo shida, anampima mteja kiuno na kabla hajafika kwenye cherehani ameshasahau, na vidonge ndiyo usiseme, anameza na baada ya dakika kumi anauliza kama amemeza. Daktari wa kliniki alimshauri aweke alama kila akimeza, basi akawa anachora mstari nyuma ya mlango kwa chaki yake ya kushonea, mmoja asubuhi na mmoja jioni, na kwa mwaka mzima hakuanguka hata mara moja.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kupokea akina mama wa chama, na Mama Nabwire ana macho, nikajua atauliza ile mistari ni ya nini, na hapa mtu akisikia kifafa hata kikombe chako hanywei, basi nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta yote. Wageni walipoondoka Calvince akasimama pale mlangoni akaniuliza, "Nyar Kisian, si mimi nilikuwa nachora hapa?" Huniita hivyo kwa sababu nimezaliwa Kisian. Mshauri, aibu ilinishika nikamjibu, "Baba Debra, hujachora wiki mbili sasa, mimi nilidhani umeacha."

Aliirudisha chaki kwenye kisanduku cha nyuzi. Tangu hapo haamini kichwa chake, hachori tena, kazi yake ni kuniuliza, "Nimemeza ama bado?" nami nikiwa na shughuli jikoni namwambia amemeza, bila kujua ukweli. Wiki jana alianguka akiwa anashona, sindano ikamtoboa kidole, na amewarudishia wateja vitambaa vyao. Juzi nilimsikia akimwambia Owiti kwa simu, "Kuja unichukue, akili imeisha, siku moja nitaumiza mtoto." Nikisema ukweli ataniacha, nikinyamaza ataenda. Nifanye nini?

Awuor, Nyalenda

Awuor, pole. Hiyo ndiyo pole yako ya leo, nyingine sina. Kuogopa midomo ya majirani nakuelewa, ingawa kifafa hakiambukizwi kwa kikombe, na ungemwambia Mama Nabwire hivyo mkaendelea na chai. Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini kumwambia mtu anayepambana na usahaulifu kwamba hakufanya jambo alilolifanya kwa mkono wake, huo ni ukatili, mama, hata kama ulitoka kwenye aibu. Na hiyo "umemeza" yako ya jikoni ndiyo inayonitisha zaidi. Unamjibu kana kwamba ameuliza kama mboga imeiva.

Kuanzia leo, akikuuliza na hujui, sema hujui, kisha hesabuni vidonge pamoja. Asirudie dozi kwa kubahatisha. Pigeni simu kliniki muulize. Kesho nendeni huko mkaeleze kila kitu, pamoja na kuanguka na dozi msizo na uhakika nazo, na asiache dawa kabla hajaonwa. Ulizeni kuhusu kile kiboksi cha vidonge chenye vyumba vya siku saba: chumba kikiwa tupu, amemeza. Tegeni kengele ya simu ilie asubuhi na jioni. Vipimo vya mteja aviandike palepale utepe ukiwa bado kiunoni. Wewe usimfanyie. Mwachie kazi yake, na cherehani airudie daktari akishasema ni salama.

Unauliza kama atakuacha. Huenda akakasirika mwezi mzima, sitakudanganya. Ila sasa hivi kuna mtu mzima anayefunga virago kwa sababu ya uongo wako, akidhani ni hatari kwa mwanawe. Usingoje Owiti afike, na usimtume mchungaji akusemee. Zima jiko, keti mbele yake, umwambie: "Calvince, ulichora kila siku. Mimi ndiye niliyefuta, na nikakudanganya." Kisha nyamaza, umwache aseme.