Bomba Ulilomtumia Hamido

Palma, Cabo Delgado
Jumanne, 16 Oktoba 2012
Kwa mkono wa Bashiru

Mpendwa mpwa wangu Latifo,

Kosa la wengi wanaonunua bomba la moshi la gari la turbo ni kulichagua kwa masikio. Likinguruma wanampa fundi mkono, wanaondoka wamefurahi. Nimeanza na kosa kwa sababu limenikaa kooni tangu juzi, lakini sikulelewa hivyo. Basi nirudi kwenye salamu.

Assalaamu alaykum. Hujambo, mwanangu? Jino la mkeo Khairiya limepoa? Mama yako bado anakataa vidonge vya presha mpaka umbembeleze? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mihogo yangu ya Mute imesimama vizuri, ila nguruwe mwitu wameshaionja. Macho yanataka miwani mingine, ndiyo maana unaona herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unaniitikia "ndiyo mjomba, ndiyo mjomba" huku unamtafutia mteja boliti. Tena kuna kitu nakiambatisha ambacho simu haikibebi.

Habari yenyewe ni lile bomba ulilomtumia mdogo wako Hamido mwezi wa nane, lile la kwanza, linalopokea moshi kwenye turbo na kuushusha chini ya gari. Nyinyi wa maduka ya spea mnaliita daunipaipu. Mimi naliita uchafu.

Tangu tusikie gesi imepatikana huko baharini, vijana wa hapa wamepatwa na wazimu wa magari. Kampuni inakodi magari, basi kila mmoja anadhani atakodiwa kwa kelele. Hamido anapita mbele ya msikiti watu wako kwenye sala, na ule mlio unapasuka kama mtu anayetapika. Nimeona haya mimi badala yake.

Kelele ningeivumilia. Jumapili nilikuwa shambani Mute, nikaitwa mbio. Hamido na mkewe Chamima walikuwa wanarudi kutoka Mbau kuuza pweza mkavu, na Chamima amezimia garini. Walimlaza kwenye baraza la watu, wanawake wakampepea, baada ya nusu saa akafungua macho, kichwa kinamgonga. Ana mimba ya miezi saba, Latifo. Na hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Nikamuuliza Hamido, "Nini hiki?"

"Mimba, mjomba. Na harufu ya pweza. Mbona natembea na mlango wa nyuma wazi, apate hewa!"

Chamima akasema palepale alipolala, "Mimi mtu wa Kionga. Nimelelewa juu ya pweza, hajaniangusha hata siku moja. Liulizeni gari lake."

"Haya, na wewe umekuwa mekaniku," Hamido akamjibu, akacheka peke yake.

Mekaniku alikuwa yeye Chamima. Nimefundisha ufundi wa magari Pemba miaka ishirini na mitatu, na jambo hili nililichora ubaoni kila mwaka. Gari likikimbia, hewa ya nyuma yake huzunguka na kuvutwa kulifuata. Ukiacha mlango wa nyuma wazi, moshi wako mwenyewe unarudi ndani. Wauza samaki wetu wote hufungua mlango huo kukimbiza harufu, na wote wanaamini wanapitisha hewa. Sumu ya moshi haina harufu, ndiyo maana anayeivuta humlaumu pweza.

Bomba la kiwandani lilikuwa na masega ndani yake, vijitundu vingi kama vya nyuki, na masega hayo ndiyo yanayoipunguza sumu hiyo. Lako halina. Nilichukua kitambaa changu cheupe cha miwani, nikakipitisha kwenye dari juu ya kiti cha Chamima. Kilitoka cheusi. Nimekifua mara mbili na bado sitaki kukigusa.

Jana nilitandika mkeka, nikaingia chini ya gari kwa umri wangu huu. Flenji ya bomba lako, lile bamba la mdomoni la kufungia boliti, ni bati tupu. Matundu yake hayalingani na ya turbo, kwa hiyo fundi Lázaro aliyapanua kwa moto, na mwanya uliobaki akauziba kwa vipande vya kopo la bia. Kopo la bia, Latifo, katika gari la mtoto wa dada yangu. Nilipomuuliza, alisema, "Mwalimu, nimefunga nilicholetewa." Na aliyeleta ni wewe.

Sasa nasikia amekuomba lingine, pana kuliko hilo. Usimpe. Upana peke yake hausaidii kitu kama sailensa ya nyuma ni ileile nyembamba. Mtafutie lenye masega ya kweli: mulika tochi ndani uyaone, usisomewe boksi. Flenji iwe nene kama kidole chako kidogo, la sivyo joto litaipinda. Liwe na kipande kinachonyumbulika, maana injini hutikisika na bomba lililo gumu lote hupasuka, hasa kwa barabara yetu hii. Na tundu la sensa, ile inayopima moshi, liwe mahali pake, si la kutobolewa huku na Lázaro.

Kadibodi uliyoikuta ndani ya bahasha ni ya boksi la sabuni. Nililazimisha bomba lifunguliwe, nikailaza kadibodi kwenye mdomo wa turbo, nikaigonga taratibu mpaka matundu yote yakajichora. Ilaze juu ya flenji ya bomba utakalochagua. Tundu moja likipishana, liache hukohuko dukani. Hamido aliamuru lile bovu lifungwe tena, na mlango wa nyuma, anasema, ataendelea kuuacha wazi.

Nisalimie dada yangu Biubwa, lakini barua hii usimsomee, presha yake naijua. Msalimie Khairiya na watoto. Sumaia na Hafsa wa hapa nyumbani wanakusalimu, wanauliza utakuja lini. Mungu akupe riziki usiyoionea haya, na amfikishe Chamima salama kwenye siku yake.

Bashiru anavuka Rovuma kuja huko kwenu kesho asubuhi, kwa hiyo jioni utakuwa unasoma hapa. Alhamisi alfajiri Hamido anaondoka tena kwenda Mbau, na Chamima pembeni yake. Mimi ananisikiliza kwa adabu zote, halafu anawasha gari. Wewe ndiye uliyemlea tangu baba yenu alipofariki, na bomba ni lako. Kabla hujaikunja barua hii, mpigie simu umwambie gari lisiwashwe.

Mjomba wako anayekupenda hata leo,
Husseni