Maelezo ya Mwanarusi Juu ya Diski ya Tundu la Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi, Changamwe
Tarehe: 15 Mei 1996
Jina: Mwanarusi Mwidani
Umri: Miaka 36
Kazi: Karani wa mapokezi
Makazi: Bofu, Likoni

Nafanya kazi katika kampuni ya Bwana Kaviha ya kutoa mizigo bandarini. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia Gershom, fundi wetu wa kompyuta, amewekwa ndani kwa madai kwamba alifuta makusudi kumbukumbu za mizigo ya wateja.

Mnamo tarehe 13 Mei 1996, jioni, Gershom akiwa ameshaondoka, mashine ya kupoza hewa ilianza kudondosha maji juu ya kompyuta kuu. Kompyuta hiyo ina matundu matatu, na kila tundu lina diski inayochomolewa kama droo. Bwana Kaviha aliizima, akachomoa diski ya pili na ya tatu, akazipangusa kwa leso yake, akazirudisha. Mimi nilishika ndoo. Alipokuwa anaingiza moja kwenye tundu la tatu, nikamwuliza, "Bwana, hiyo ilitoka hapo kweli?" Akanijibu, "Mwanarusi, diski ni diski. Kinga maji." Nikakinga maji.

Asubuhi ya tarehe 14, Gershom alifika kabla ya wateja. Bwana Kaviha alikuwa amemwagiza afute diski ya tatu, iliyokuwa haina kitu cha maana, ipate kutumika upya. Tundu la tatu limebandikwa karatasi yenye neno TUPU. Imebandikwa kwenye tundu, si kwenye diski. Gershom akaiamuru kompyuta ifute ya tatu, ikafuta. Wateja walipokuja, kumbukumbu zao hazikuwepo. Gershom alikaa sakafuni. Nilimwonea huruma sana.

Hapa ndipo kichwa kinaponizunguka. Gershom alisema kompyuta yetu huiita diski kwa jina la tundu ilimokaa. Ukiihamisha, inapewa jina la tundu jipya. Mtaalamu aliyeletwa kutoka mjini akasema la, kompyuta husoma alama iliyomo ndani ya diski yenyewe, haijali imekaa wapi, kwa hiyo Gershom alijua anachofuta. Gershom akasema, "Hizo ni za kisasa, mzee. Hii yetu bado." Wakabishana mpaka nikataka kulia. Nyumba ninayopanga, mwenye nyumba hutuita kwa namba za vyumba. Mimi na mpangaji mwenzangu Mwanatabu tulipobadilishana vyumba, wageni wangu wakawa wanapelekwa kwake. Labda ndivyo. Labda sivyo. Wallahi sijui.

Jana jioni Bwana Kaviha aliniambia, "Wewe jana uliondoka mapema, sivyo?" Nilichukua mkoba wangu nikaenda nyumbani. Namwogopa, na watoto wangu wanakula kwa kazi hii.

Afande ameniuliza kama naelewa mambo ya kompyuta. Sielewi hata chembe. Lakini mkono uliochomoa diski nimeuona, na haukuwa wa Gershom.

Nimeishia hapo. Nimesema niliyoyaona kwa hiari yangu.

Sahihi: M. Mwidani

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Ameuliza kama kituo kina mlango mwingine, kwa kuwa mlalamikaji, Bwana Kaviha, ameketi kwenye benchi nje. Nimemweleza upo mmoja tu. Amefunga buibui lake vizuri, akapita mbele ya mlalamikaji, akamsalimia. Mlalamikaji amegeuza uso. Nimemwita mlalamikaji arudi ndani kwa maswali zaidi.
Koplo Tsuma