Tundu Linalohesabiwa Mara Mbili

Mume wangu, Baba Zuhura,

Leo Mwalimu Rashidi, yule uliyekuwa ukifundisha naye Temeke, amekuja tena hapa Buguruni kuulizia jibu la ile barua uliyoandikiwa kutoka Uingereza. Nimempa chai, nimemzungusha kwa habari za mvua na bei ya unga, akaondoka. Ni mara ya tatu. Unanijua, nikikosa la kusema ndipo maneno yanapokuwa mengi.

Barua yenyewe ilikuja kwa meli, miezi mitano baada ya kukuzika. Nitakueleza iliyomo, ila acha nianzie mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja sitamaliza.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye hesabu zako? Mimi mshona kofia, nimeishia darasa la nne. Wewe na kile kitabu kisicho na jalada, ulichopewa na Khoja wa duka la nyuzi kwa kuwa mwanawe aliyerudi kutoka Bombay hakitaki tena. Ulichora mistari iliyopinda hadi karatasi zikakuishia, ukaniomba nikushonee kwenye kipande cha kitambaa cha marekani. Unanipa namba mbilimbili, moja ya kwenda kulia, moja ya kupanda au kushuka, nami natoboa na kupitisha uzi. Nilikucheka sana. Nilisema mume wangu ananishonesha kofia isiyo na kichwa cha kuivaa.

Mstari wa kwanza ulijikata wenyewe kama kitanzi, na sindano yangu ikapita tundu moja mara mbili. Ukasema ile ni nukta korofi, na wingi wake ni mbili. Hilo nililielewa palepale, sindano ilikuwa shahidi. Mstari wa pili ulikuja hadi kwenye ncha kali, ukageuka, ukarudi. Pale nilitoboa mara moja, na wewe ukasema tena ni mbili. Nikabisha.

"Mie ndo nimetoboa," nilikwambia. "Mara moja."

Hukukasirika. Ulivuta uzi mweupe mshazari juu ya kitambaa, ukaupitisha kwenye ncha, kisha ukausogeza kulia kidogo sana. Uzi ukawa unaukata mstari mahali pawili, jirani kabisa. Ukaurudisha polepole, zile mbili zikakutana, zikawa tundu langu moja. Ukasema nukta ile imemeza mbili, na ukiitazama tu huwezi kujua. Ulishinda siku nzima na furaha kwa sababu nilikubishia, ukasema darasani kwako kila mtoto anaitikia tu ndiyo mwalimu.

Baadaye ukapata wazo la kuzifungua nukta hizo, na kazi ikawa yangu. Kwa kila tundu nilichukua namba ya kupanda, nikaigawa kwa namba ya kwenda kulia, nikatoboa upya kwenye kitambaa kingine. Ile ncha ya kwanza ikafunguka, mstari ukapita laini bila ukorofi wowote. Ukaandika kwenye daftari: kila ukiifungua nukta, wingi wake hupungua. Wakati huo ulikwisha kuanza kukohoa damu.

Barua kwa yule Mwingereza mwandishi wa kitabu ulihangaika nayo karibu mwaka. Kabla ya kuituma ukataka nikushonee ncha moja ya mwisho, kali kuliko ile ya zamani. Penye nne kwenda kulia, ilipanda thelathini na mbili. Nikagawa, ikawa nane. Nilishona uani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kilichotokea kilikuwa ncha tena. Nikavuta uzi mshazari kama ulivyonifundisha, nikausogeza. Ukakata mara mbili. Nikaanza kugawa upya namba zote, kwa hofu sasa, nikijiombea nimekosea. Bado mbili.

Ulikuwa umelala chumbani, mbavu zako zinahesabika. Ukauliza imetokaje.

"Imetoka vizuri," nikasema.

"Imefunguka?"

"Imefunguka."

Ulitabasamu mpaka nikaona fizi. Alasiri ile ile Mwalimu Rashidi akapeleka bahasha posta. Nilijiambia nimefanya jambo jema, mgonjwa apate raha yake. Nilimhurumia mgonjwa, nikamsahau yule mtu aliyependa kubishiwa.

Sasa barua. Rashidi alinifasiria neno kwa neno. Yule bwana anasema amekusoma kwa heshima, ila sentensi yako, kwamba wingi hupungua kila mara, si kweli, na akatoa mfano wa ncha inayobaki mbili ikifunguliwa. Ni ile ile, Baba Zuhura, ya thelathini na mbili. Kisha anasema wazo lako zuri asingependa liachwe, na anakuuliza: je, ulijaribu kuifungua mara ya pili?

Nilisubiri Rashidi aondoke, nikakitoa kile kitambaa nilichokuficha. Nane kugawa kwa nne, mbili. Nikagawa matundu yote, nikashona. Mstari ukapita laini. Nikavuta uzi mshazari pale pale, ukakata mara moja.

Ilihitaji asubuhi moja tu ya sindano. Na tangu siku ile niliyokudanganya, uliishi siku kumi na tisa.

Rashidi anasema nijibu kwa Kiswahili hivyo hivyo, atafasiri. Niandike nini? Yule bwana akiuliza kama kila ncha itafunguka mwishowe, na kwa nini, mimi nitajibu nini? Nimeshona nyingine nne, zote zimefunguka, lakini wewe ulinifundisha kwamba kushona si kuthibitisha. Daftari nalifungua, nalifunga. Nusu yake sielewi, na hakuna mtu Temeke wala Buguruni nzima ninayeweza kumuuliza. Nalia, halafu naona aibu, nalia tena.

Siku yako ya mwisho ulinishika mkono ukanitaka radhi kwa yote uliyonikosea. Nikakuwia radhi. Ukaniuliza kama na mimi nina langu, nikasema sina.

Nilikuwa nalo. Ni hili. Nakutaka radhi, mume wangu, na jibu lako sitalisikia.

Mungu akulaze pema.

Mkeo,
Mama Zuhura