Sauti Bila Picha

Jumatatu, 3 Machi
Nimechaji kile kimashine cha video cha Mwaitu, mama yetu, tena. Dada yangu Ndinda alikituma kutoka ng'ambo, anakotunza wazee wa watu. Mwaitu anatazama video zake tangu asubuhi. Aliyemwogesha ni mimi. Aliyempikia uji ni mimi. Anayebusiwa kwenye kioo ni Ndinda. Naona wivu. Wacha niandike tu, hapa hakuna wa kunicheka.

Jumatano, 5 Machi
Ndinda ametuma video mpya kwa simu yangu. Nimeihamishia kwenye memori kadi bila kuitazama, nikaifuta kwa simu iliyojaa, nikachomeka kadi kwa kimashine. Sauti inatoka, picha hakuna. Kioo cheusi tii. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Mwaitu hakujali, alisogeza sikio. "Mwaitu, usiwe na wasiwasi, nimenenepa hadi nguo hazinitoshi," Ndinda akasema, akacheka. Mwishoni eti ananionea wivu mimi kwa kumwogesha Mwaitu. Mzaha wa mtu aliyeshiba.

Jirani akaitwa aje asikie. Mimi nimenenepa miaka mitatu sasa na hakuna aliyeitwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwaitu amenituma Machakos mjini kwa Swaleh, fundi wa simu. Akanieleza polepole. Video ni kifurushi kimoja chenye vitu viwili, picha na sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa namna yake. Kimashine chetu ni cha zamani. Sauti kinajua kuifungua, picha ya simu mpya hakijui. Akaibadilisha kwa kompyuta, akaipunguza itoshee kioo kidogo, akaniwekea kwa kadi nyingine.

Sikutazama. Nitazame nini, anavyomeremeta?

Mwaitu nimemwambia kwamba fundi ameshindwa. Kadi iko ndani ya mkebe wa chumvi, kwa kijifuko cha plastiki.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani Mwaitu amemwambia kila mtu kwamba Ndinda amenenepa. Mimi niko hapo, nimemshika mkono kutoka nyumbani Katelembo mpaka kwenye benchi. Mgeni mmoja akauliza kama mimi ni msichana wa kazi. Mwaitu hakusikia. Au alisikia.

Chakula kimenishinda.

Jumanne, 11 Machi
Mwaitu alipolala mchana nilitoa kadi chumvini, nikaichomeka kwa kimashine. Nilitaka kumwona huyo mnene mara moja, halafu niifute.

Ndinda amekonda. Mifupa ya shingo imetokeza. Sweta ni ileile aliyoondoka nayo, sasa inamning'inia. Anaposema amenenepa, anaivuta mbele ili ijae. Mdomo unacheka, macho hayacheki. Akifika pale pa kunionea wivu anaangalia chini, anafuta pua kwa mkono.

Maneno hayo nimeyasikia mara ishirini wiki hii.

Sikuifuta. Nilikaa jikoni hadi Mwaitu akaniita.

Jumatano, 12 Machi
"Mbithe, hiyo picha bado imekataa?" Mwaitu ameniuliza akinywa chai.

Nimesema bado imekataa. Uongo uleule, sababu nyingine. Akabonyeza, akasikiliza, akafika pale pa "nimenenepa", akatabasamu.

Nilitoka nje nikampigia Ndinda. Nikamuuliza amekula nini leo. Akasema chai. Nikamwambia akichoka arudi, tutamwogesha Mwaitu kwa zamu. Hakukata simu. Mimi pia sikukata.

Kadi nimeirudisha chumvini.