Nusu Saa ya Kimya

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka kitandani. Natumai mgongo umekuachia kidogo, na shemeji hasahau dawa zake. Mimi mapafu yamegoma. Muuguzi ananiegemeza kwenye mito ndipo niandike; mistari mitano, napumzika.

Barua yako imefika. Unasema binti yako amewapa wanafunzi wake nusu saa kila siku, kila mmoja asome kimya kitabu alichojichagulia, naye anaketi katikati yao akisoma chake. Mwalimu mkuu anauita utaratibu huo uvivu. Amemwambia aache, la sivyo muhula ukiisha atafute shule nyingine. Unataka nimwandikie mkuu huyo kwa sababu alianza kazi chini yangu.

Nitamwandikia. Ila ujue alichojifunza kwangu. Wanafunzi waliniita Radi, na jina hilo nililitolea jasho. Kusoma kwangu kulikuwa darasa zima, sentensi moja, kwa sauti. Aliyechelewa neno alipata rula ya vifundo vya vidole. Aliyerudia kosa nilimbamiza kichwa ubaoni. Mmoja alitema jino. Nikamwamuru afute damu sakafuni, kisha amalizie aya. Walimu wenzangu walicheka, wakasema kwa Radi hata madawati yanasoma.

Binti yako alikuwa darasa la nne, chumbani mwangu. Nilimkuta na kitabu cha hadithi magotini, anafunua kurasa, midomo haisogei. Nikaamini anaigiza, kwani nilidhani kusoma ni sauti. Nilimwita mara mbili. Hakuitika, alikuwa mbali, ndani ya hadithi yake. Nikamzaba kofi la sikio kwa nguvu zangu zote, akaenda chini na dawati lake. Alipoinuka nikampiga la pili, palepale. Damu ikamtoka sikioni, ikashuka shingoni hadi kwenye kola.

Hakuanguka ngazini, mdogo wangu. Wewe na daktari niliwadanganya mimi. Sikio lile nililiua mimi.

Darasa zima liliona, na hakuna aliyethubutu kusema. Yeye nilimwambia akifungua mdomo nitalichoma moto sanduku la vitabu vya hadithi la darasa letu, lote. Alinitazama, akauliza, "Mjomba, nikinyamaza utaniacha nisome?"

Nikasema ndiyo. Akajipangusa kwa mkono wa sare, akaketi, akatafuta ukurasa wake.

Barua ya mkuu imo humu. Nimemweleza yote, nikamwambia kwamba siku ile katika chumba kile alikuwapo msomaji mmoja tu, nami nikampasua sikio. Mpe binti yako barua zote mbili kabla hujamfikishia mkuu yake. Akitaka kuzichana, azichane. Usimwombe anisamehe, hilo halituhusu, wewe wala mimi.

Msalimie shemeji na watoto. Ukiamua usije kunizika, sitakulaumu.

Ni mimi,
Kaka yako