Meno ya popo wa Lubondja

Dada Furaha,

Salamu toka Lubondja, ambako mvua inanyesha kila mchana na mimi nashiba bugali na ndagala, dagaa wa huku.

Jana Mama Riziki, mwenye shamba karibu na pango tunamochimba mifupa ya kale, alikuja na kuni za kufukuzia popo kwa moshi. "Banakulaka ndizi zangu," akasema.

Nilimwomba kwanza atazame mdomo wa popo mmoja tuliyemnasa, kwa kioo cha kukuzia. Nikamweleza kwamba popo wa matunda ana meno bapa ya kuponda, lakini huyu ana ncha kali za kupasulia wadudu. Kisha nikampa utaya mdogo wa popo tuliouchimbua pangoni, uliokwisha kugeuka jiwe. Aliutazama polepole kwa kioo kile kile, akazigusa ncha za meno yake.

"Hata huyu wa zamani alikuwa anakula bidudu," akasema. "Basi bakae. Bidudu njo binamalizaka maharagi yangu."

Miaka yote unaniuliza kazi hii inamfaa nani. Jana nilitamani ungekuwa hapa uuone uso wa Mama Riziki.

Mungu akulinde, na unibusie watoto.

Mdogo wako,
Neema