Spiriti, Maji na Mafuta ya Ufuta

Nachingwea, Jumatano. Mvua bado, joto limekaba, hata majani hayatikisiki.

Nimechoka mwili, lakini moyo umetulia.

Tangu jana mwanangu Zainabu alikuwa anawaka homa. Baba yake yuko porini na trekta la shamba la karanga, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Ruangwa. Yeye alimpaka mtoto mafuta ya ufuta mwili mzima. Homa haikushuka.

Mchana akaja Bwana Athumani, mganga wa zahanati. Alimnywesha kwinini, kisha akafungua chupa ya spiriti ili amfute nayo. Mama mkwe alipoisikia harufu alimvuta mtoto kifuani, akasema kileo hakitagusa ngozi ya mjukuu wake.

Niliogopa. Mama mkwe namheshimu, ila mtoto ni wangu.

Athumani hakubishana. Alidondosha spiriti, maji na mafuta ya ufuta juu ya kifuniko cha sufuria. Spiriti ilitoweka tukiitazama. Maji yalikawia. Mafuta yalibaki yaking'aa vilevile. Akatueleza kwamba chembe za spiriti hazishikani sana, ndiyo maana hugeuka mvuke upesi. Za maji zimeshikana zaidi, na za mafuta hazitaki kuachana. Zile zinazoruka, akasema, huondoka na joto la mahali zilipokuwa.

"Basi maji yatatosha, mama," alimwambia. "Yatachelewa kidogo tu, na yanataka upepo."

Mama mkwe alichukua kanga yake, akayafuta yale mafuta yote mwilini mwa mtoto kwa mkono wake mwenyewe.

Tulimfuta Zainabu kwa maji ya uvuguvugu huku tukimpepea. Mama mkwe aliniachia upepeo alipokwenda kuswali tu.

Jua lilipopungua makali, mtoto alifumbua macho akaomba uji.

Nilidhani mama mkwe atafurahi. Aligeukia ukutani akalia. Akanieleza, kwa sauti ya chini, kuwa mwanawe wa kwanza alichukuliwa na homa kama hii.

"Naye nilimpaka mafuta," alisema. "Nilimpaka mpaka mwisho."

Nilimwambia ni homa iliyomuua, si mafuta yake. Alitikisa kichwa kuitikia, akaanza kukoroga uji.

Sijui kama aliniamini.